Ninakubatiza, Siyo Tunakubatiza



Leo naomba tukae na silabi moja tu. Kiswahili chetu kinaweza kumbeba mtu mzima ndani ya silabi. Ukisema "ninakubatiza", hiyo "ni" ya mwanzo ni mimi ninayesema. Ukisema "tunakubatiza", "tu" ni sisi. (Na ukisema "nakubatiza" ni sawa, nafsi ni ileile, msianze kugombana na paroko.) Sasa swali: ukiondoa "ni" ukaweka "tu", maji ni yaleyale, mtoto ni yuleyule, Utatu Mtakatifu umetajwa vilevile, je, kuna ubatizo hapo?

Mwezi Agosti 2020 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa jibu, tena fupi mno. Aliyebatizwa kwa "tunakubatiza" hajabatizwa. Inabidi abatizwe.

Jibu hilo lilimgonga padre mmoja kijana wa Jimbo Kuu la Detroit, Marekani. Kulikuwa na video ya ubatizo wake wa mwaka 1990, na humo shemasi anasikika wazi akisema kwa Kiingereza "sisi tunakubatiza". Hebu fikiria uzito wake. Asiyebatizwa hawezi kupokea sakramenti nyingine yoyote, kwa hiyo Kipaimara chake hakikuwa Kipaimara, ushemasi wake haukuwa ushemasi, na upadre alioupokea mwaka 2017 haukuwa upadre. Misa alizoadhimisha kwa miaka mitatu hazikuwa Misa halali. Maungamo aliyosikiliza, wagonjwa aliowapaka mafuta, vyote vikabaki vinaning'inia. Ndani ya mwezi huohuo wa Agosti akabatizwa, akaimarishwa, akakomunika, akapewa ushemasi na kisha upadre. Mwaka 2022 ikatokea tena, safari hii kwa ukubwa: jimbo la Phoenix, kule Arizona, lilitangaza kwamba paroko mmoja alikuwa ametumia "tunakubatiza" kwa miaka mingi. Waliohusika walikuwa maelfu. Paroko akajiuzulu, na jimbo likaanza kuwatafuta watu wake ili wabatizwe.

Siku tuliyojadili habari hizi seminarini, kwanza tulicheka, halafu tukanyamaza. Mwenzangu mmoja akasema kile ambacho wengi tulikuwa nacho moyoni: "Hivi Mungu ni karani wa benki, kwamba herufi moja ikikosewa hundi inarudishwa?"

Swali hilo silidharau hata kidogo. Ndilo swali la vijana wengi ninaokutana nao, ingawa wao wanalisema kwa namna nyingine: "Frateri, Mungu anaangalia moyo." Kwa sentensi hiyo tunafuta mambo mengi sana, kuanzia mafundisho ya ndoa mpaka Misa ya Jumapili. Na ni kweli Mungu anaangalia moyo. Lakini ubatizo siyo kitu ninachomfanyia Mungu ili aangalie moyo wangu wakati nakifanya. Kama ungekuwa hivyo, basi kweli maneno yangekuwa mapambo. Ubatizo ni kitu ninachofanyiwa. Hata kitenzi chenyewe kinakubali: hakuna anayejibatiza. Hata Papa alibatizwa na mtu. Na kitu unachofanyiwa kina swali lake la kwanza, ambalo siyo "moyo wako ulikuwaje?" bali "nani amekufanyia?"

Kuna mwanafalsafa Mwingereza wa Oxford, J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake. Aliona jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kulipa jina: kwamba si kila sentensi inatoa taarifa. Nyingine zinatenda. Bwana harusi akisema altareni "nakupokea uwe mke wangu" hatoi habari kwamba kuna ndoa mahali fulani, anaoa. Mwenyekiti wa kijiji akisema "nafungua mkutano", mkutano umefunguliwa kwa kusema kwake. Mzee akisema mbele ya watoto wake "shamba la mtoni nampa fulani", kuanzia hapo shamba lina mwenyewe, na ole wako ubishe.

Lakini Austin aliona na upande wa pili. Maneno yanayotenda yanahitaji mwenye nayo. Mimi leo nikiingia mahakamani, nikasimama na kanzu yangu nyeupe, nikasema "nakuhukumu miaka mitano jela", hakuna atakayefungwa. Watanitoa nje kwa upole, labda na kuniulizia seminari yangu iko wapi. Maneno ni yaleyale anayosema hakimu. Kilichokosekana ni mwenye maneno. Kwa hiyo nafsi iliyomo ndani ya kitenzi siyo pambo la sarufi. Ndiyo inayotaja anayetenda, na ukimtaja asiye mwenyewe, umesema sentensi nzuri na hakuna kilichotendeka.

Hapo tunafika pagumu. Padre anaposema "ninakubatiza", hiyo "ni" ni ya nani? Ya padre? Kama ni yake, tumekwisha, maana ubatizo wetu utategemea utakatifu wa mtu.

Kanisa lilipigana vita kubwa juu ya hili, na ilipiganiwa hapahapa Afrika, upande wa kaskazini. Dhuluma ya Kaisari Diocletian ilianza mwaka 303, na kati ya viongozi wa Kanisa walikuwepo walioogopa wakatoa Vitabu Vitakatifu vichomwe. Dhuluma ilipokwisha, wale waliokuja kuitwa Wadonati wakasema: msaliti hana Roho Mtakatifu, na asiye naye hawezi kumpa mwingine. Waliobatizwa na wasaliti, au na walio upande wao, wabatizwe upya. Ukisikiliza haraka wana hoja safi kabisa. Nani anataka kubatizwa na msaliti? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Aljeria, alijibu kwa miaka mingi, na kiini cha jibu lake ni hiki: Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo, na Yuda akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia fundisho hilo katika hati yake juu ya Liturujia, namba 7.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analieleza kwa mfano wa chombo na mtendaji, nami nitachukua jembe kwa sababu nimezaliwa nalo. Ukiuliza nani amelima shamba hili, jibu ni mkulima. Lakini jembe halikukaa bure. Limelima kweli, na kulima kwake na kulima kwa mkulima ni kulima kumoja. Jembe linaweza kuwa na kutu. Linaweza kuwa la kuazima. Mahindi hayaulizi. Padre anaposema "ninakubatiza" anamwazima Kristo kinywa chake, na "ni" ile inakuwa ya Kristo kabla haijawa yake.

Nalisema hili polepole kwa sababu najua kuna msomaji ambaye padre aliyembatiza ameacha upadre, au amefanya jambo la aibu ambalo parokia nzima inalijua. Ubatizo wako haukuwa wa kwake. Hajaondoka nao.

Na kama kuna anayedhani "ni" inapendekeza ukubwa wa padre, aangalie ndugu zetu wa Makanisa ya Mashariki. Wao husema kwa maana ya "mtumishi wa Mungu fulani anabatizwa kwa jina la Baba", na kuendelea. Hakuna "ni" hapo. Mhudumu amejificha kabisa ndani ya "anabatizwa", na Kanisa Katoliki linaukubali ubatizo huo bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo tatizo la "tu" siyo kwamba limemwondoa padre. Limeingiza mwenye kitendo mwingine mahali pa Kristo.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu hoja ya "tunakubatiza" haikutoka kwa watu wabaya, na kwa masikio ya Kiafrika ina utamu wake. Mtoto ni wa nani? Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo. Bibi anampa jina, shangazi ana neno, mjomba ana neno. Profesa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alifundisha kwamba kwetu mtu yupo kwa sababu jamii ipo. Siku ya ubatizo tunaliona hilo kwa macho: wazazi, wasimamizi, jumuiya ndogo ndogo imekuja na vitenge vya sare, wanakwaya, mzee mmoja anasinzia kiti cha mbele. Wote hao wana kazi. Wazazi wanaulizwa wanaomba nini kwa Kanisa. Wasimamizi wanaulizwa kama wako tayari kusaidia. Imani inayokiriwa pale ni imani ya Kanisa, maana mtoto bado hawezi kukiri kitu zaidi ya njaa. Kama sisi sote tupo, kwa nini isiwe "tunakubatiza"? Si ndiyo ujamaa wenyewe?

Kwa muda mrefu hoja hii ilinivutia kuliko ya Austin. Kilichonigeuza ni kuuliza: "tu" ni akina nani hasa?

Maana "tu" ya Kiswahili haina uzio. Unaweza kuipanua ikabeba dunia nzima, unaweza kuibana ikabeba ukoo wako tu. Na kila "tu" ina wao wake. Anayekupokea kwa "tu" anaweza kukutoa kwa "tu" ileile: ukoo unaweza kumkataa mtoto, kijiji kinaweza kumfukuza mtu, jumuiya inaweza kumtenga mama aliyezalia nyumbani. Mwezi Aprili 1994, katika kanisa katoliki la Nyamata, Rwanda, maelfu ya watu waliokimbilia humo waliuawa. Kanisa lile leo ni mahali pa kumbukumbu. Rwanda ilikuwa nchi yenye Wakatoliki wengi sana. Waliouawa walikuwa watu waliobatizwa, na kati ya wauaji walikuwemo watu waliobatizwa. Sidai kwamba kiambishi kingewazuia. Hapana, hakikuwazuia, na jambo hilo linatakiwa kutunyima usingizi sisi tunaojiandaa kushika maji. Ninachosema ni kwamba siku ile "tu" ilikuwa imepata mpaka mpya, mpaka wa kabila, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuuchora ndani ya kanisa lile. Yule mtoto wa Nyamata hakuwa amebatizwa na jirani zake. Jirani zake hawakuwa na mamlaka ya kumfuta.

Ndiyo maana Kanisa linafundisha kwamba ubatizo unaacha alama isiyofutika, na haurudiwi. Kama tungekuwa tumekupa sisi, tungeweza kukunyang'anya.

Kwa hiyo jamii ipo, na ina kazi nzito, lakini kazi yake ni kuomba na kupokea. Wazazi wanaomba, Kristo anatoa, sisi tunapokea mtoto ambaye sasa ametuzidi, kwa sababu ni wa Mtu mwingine kabla ya kuwa wetu. Padre wa Detroit ana jambo moja nililoliacha kwa makusudi. Misa zake hazikuwa halali, lakini watoto aliowabatiza wakati yeye mwenyewe hajabatizwa walikuwa wamebatizwa kweli, maana alisema "ninakubatiza". Jembe lenyewe halikuwa la shambani, na shamba lililimwa.

Mnaona sasa? Jibu lililoonekana kama la karani limegeuka kuwa la ukarimu. Papa Nikolao wa Kwanza, mwaka 866, aliwajibu Wabulgaria walioulizia watu waliobatizwa na mtu ambaye hawakujua hata kama ni Mkristo, na jibu lake lilikuwa kwamba ubatizo huo unasimama. Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 ulifundisha kwamba katika dharura hata mpagani anaweza kubatiza, mradi afuate namna ya Kanisa na akusudie kufanya lile ambalo Kanisa linafanya. Sheria ya Kanisa ya leo, kanuni ya 861, inasema hivyohivyo: mtu yeyote mwenye nia sahihi. Hakuna sakramenti nyingine iliyofunguliwa mlango mpana namna hii. Muuguzi Mwislamu kwenye zahanati anaweza. Bibi asiyejua kusoma anaweza.

Na kijana mlei anaweza. Karoli Lwanga alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, alikuwa Munyonyo kwenye makao ya Kabaka Mwanga akiwa mkuu wa vijana watumishi wa kasri, na wote walijua asubuhi itakuwaje. Kati yao walikuwemo wakatekumeni. Padre hakuwepo. Lwanga akawabatiza wanne: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Kizito alikuwa na umri wa kama miaka 14. Nikipita kwenye picha yao mlangoni mwa kanisa letu huwa nafikiria kile kinywa cha Lwanga, kinywa cha mlei wa miezi sita, kikisema "ni" usiku ule. Hakusema "sisi vijana wa kasri tunakubatiza", ingawa kama kuna "sisi" iliyostahili kusema, ilikuwa ile.

Lakini wa tano hakuwemo. Mukasa Kiriwawanvu, naye mkatekumeni, alikuwa amefungwa usiku ule kwa sababu ya ugomvi na mwenzake. Alipotolewa akaungana na kundi lililohukumiwa. Hakuwahi kupata maji. Tarehe 3 Juni 1886 akachomwa Namugongo pamoja na wenzake. Papa Paulo VI alipowatangaza wafiadini 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, jina lake lilikuwemo. Mtakatifu asiye na namba katika kitabu cha ubatizo.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: Frateri, umetumia nusu saa kutuambia silabi ina uzito, sasa unatuletea mtakatifu ambaye hakuambiwa hata silabi moja? Ndiyo. Na mambo haya mawili yanatoka kwenye chanzo kimoja. Kama anayebatiza ni Kristo, basi mimi sina ruhusa ya kubadilisha maneno yake, kwa sababu si yangu. Na kama anayebatiza ni Kristo, basi hawezi kufungwa na kukosekana kwangu, kwa sababu yeye siye jembe. Tomaso wa Akwino aliliona hili: Mungu hakuifunga nguvu yake ndani ya sakramenti kiasi cha kushindwa kutoa tunda lake bila hizo. Katekisimu inalifundisha katika namba 1257. Wokovu umefungwa kwenye ubatizo. Mungu mwenyewe hajafungwa. Masharti ni ya kwetu. Anayedhani ana haki ya kujiachia masharti hayo kwa kisingizio kwamba Mungu hafungwi amejichanganya na Mungu.

Ubatizo wa damu aliopata Kiriwawanvu Kanisa limeutambua tangu zamani, na pia ubatizo wa tamaa, wa yule anayeutaka akafa kabla ya kuupata. Lakini mtoto mchanga hana damu ya kumwaga kwa ajili ya imani, wala hana tamaa ya kusema. Nimelifikiria swali hilo darasani kwa utulivu mkubwa. Darasani mambo mengi ni matulivu.

Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa parokia ya kijijini yenye vigango vingi, vingine padre anafika mara moja kwa mwezi kama mvua imeruhusu. Baada ya ibada ya Neno katika kigango kimoja mama mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha. Akanieleza kwamba alijifungua mtoto kabla ya miezi kutimia, nyumbani, usiku. Mtoto aliishi mpaka karibu na alfajiri. Wifi yake alikuwepo, mkunga wa jadi alikuwepo, mama mkwe alikuwepo. Walisali rozari. Wakasubiri kukuche mtu aende kwa katekista. "Maji yalikuwepo, Frateri," akaniambia. "Ndoo nzima. Hakuna aliyejua kwamba anaweza." Halafu akauliza: "Mwanangu yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa amefundishwa zamani habari za limbo, kwamba watoto wasiobatizwa wanakaa mahali pasipo na mateso lakini pasipo na Mungu pia, na alikuwa amemweleza hivyo kwa nia ya kumfariji. Nikamwambia mama yule kwamba mawazo ya limbo yalikuwa ya wanateolojia, na Kanisa halikuwahi kuyafanya fundisho la imani. Nikamwambia kwamba Katekisimu, namba 1261, inamkabidhi mtoto kama wake kwa huruma ya Mungu, na inatukumbusha Yesu aliyewakasirikia wafuasi walipowazuia watoto wasimfikie. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima juu ya watoto hawa, na hitimisho lake ni kwamba tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Inasema tumaini, haisemi uhakika, na mimi sikumpa zaidi ya nilichokuwa nacho. Nikamwambia pia kwamba mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla, Kanisa linaweza kumfanyia ibada ya mazishi kwa ruhusa ya askofu. Kwamba yeye na mumewe walikuwa wamemtaka Kristo kwa ajili yake, na Kristo hakuwa anasubiri kukuche.

Alisikiliza yote. Akaniuliza kama anaweza kumwombea kwa jina, kwa sababu jina walikuwa wamempa. Nikamwambia ndiyo, na kwamba anaweza pia kumwomba yeye amwombee.

Alipoondoka nilibaki na ile ndoo. Kigango kizima, watu waliopata Kipaimara, watu wenye kadi za jumuiya, wanakwaya wanaojua nyimbo za Kilatini kwa moyo, na usiku ule wanawake watatu watu wazima hawakujua kwamba vinywa vyao vinatosha. Kanuni ileile ya 861 inawataka wachungaji wahakikishe waamini wamefundishwa namna sahihi ya kubatiza. Kwa hiyo naandika hapa, na ninakuomba usome mpaka mwisho hata kama unaona ni mambo ya wakunga. Siku moja utakuwa kwenye basi, au wodini, au nyumbani kwa dada yako.

Inatakiwa iwe hatari ya kufa kweli, na awe bado hai. Aliyekwisha kufa habatizwi, anaombewa. Mtu mzima lazima awe anataka. Kama yupo padre au shemasi karibu, aitwe. Kama hayupo, chukua maji ya kawaida, ya bomba, ya kisima, ya chupa. Yasiwe soda, yasiwe maziwa, na mate hayafai. Mimina juu ya kichwa cha mtoto ili maji yatiririke kwenye ngozi, maana kulowesha kidole na kugusa paji hakutoshi. Wakati maji yanatiririka, wewe mwenyewe unayemimina ndiye unayesema, siyo mwingine aseme wewe ukimimina. Taja jina, kisha: ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kumimina mara tatu ndiyo desturi. Jina lisipokuwepo usisimame kulitafuta. Mishumaa, kitambaa cheupe, msimamizi, vyote vinaweza kusubiri. Ukiwa na wasiwasi kama kuna mtu alishambatiza, na huna wa kumuuliza, anza na "kama hujabatizwa".

Halafu mtafute katekista au paroko mapema, pamoja na shahidi kama alikuwepo, ili jina liandikwe kitabuni: siku, mahali, na nani alibatiza. Mtoto akipona hatabatizwa tena. Atapelekwa kanisani siku ya Jumapili, apakwe Krisma, avikwe nguo nyeupe, wasimamizi wawashe mshumaa, na jumuiya nzima na vitenge vyao waje kumpokea.